Jembe, Nyumba na Karatasi ya Kura

Nilikuja, nikaona! Nanyi wajukuu zangu niitikieni kama hadithi za Kihaya zinavyotaka: "Ona nasi tuone!"

Hapo kale sisi hatukuwa na mbunge. Tulikuwa na abakama, yaani wafalme. Kiziba walitawala watu wa ukoo wa Babito, na Ihangiro, huko Muleba, wakatawala wa ukoo wa Bahinda. Mukama alirithi kiti. Akiwa mwema mlishukuru, akiwa mkali mlivumilia. Tena palikuwa na nyarubanja: mtu analima migomba na buni, kumbe ardhi ni ya bwana, naye ni lazima amtolee bwana fungu lake. Hilo liliwachoma watu sana. Baada ya Uhuru serikali ya TANU ikaondoa utawala wa machifu, na katika miaka hiyohiyo ya 1960 sheria ikaifuta nyarubanja.

Mwaka 1965 ikaamuliwa Tanzania Bara iwe na chama kimoja tu, TANU. Mtauliza, sasa watu walichagua nini? Karibu kila jimbo TANU ilisimamisha wagombea wawili, wote wanachama wake. Mmoja alipewa alama ya jembe, mwenzake ya nyumba. Mtu asiyejua kusoma alitazama picha, akachagua. Msidhani ulikuwa mchezo: mwaka ule hata Waziri wa Fedha, Paul Bomani, aliangushwa. Mtu uliweza kumng'oa. Chama, hapana. Kwangu mimi hilo lilikuwa pungufu kubwa.

TANU na ASP ya Zanzibar ziliungana 1977, ikazaliwa CCM. Vyama vingi vikaruhusiwa 1992, na uchaguzi mkuu wa kwanza wa mfumo huo ukafanyika 1995.

Basi tazameni jimbo la Bukoba Mjini. Mwaka 2000 wapiga kura walimpa ubunge Wilfred Lwakatare wa CUF. 2005 wakampa Khamis Kagasheki wa CCM. 2015 Lwakatare akarudi, safari hii kwa CHADEMA, na 2020 jimbo likarudi CCM. Enzi za abakama nani angethubutu hata kuliwaza hilo?

"Na asiye na chama, Babu?" Umeuliza la maana, mjukuu wangu. Mchungaji Christopher Mtikila aliliuliza mahakamani kwa miaka mingi. Mwaka 2010 Mahakama ya Rufani ilimkatalia. Akaenda Mahakama ya Afrika pale Arusha, nayo Juni 2013 ikasema kumzuia mgombea binafsi ni kuvunja haki yake. Mimi naona ilisema kweli. Lakini Katiba yetu bado inamtaka mgombea awe mwanachama wa chama na apendekezwe nacho. Kwa hiyo mtu wa Kashai, pale Bukoba Mjini, anaweza kupendwa na mtaa mzima, akaamua magomvi na kuwasomesha yatima. Kama hakuna chama kilichompitisha, siku ya kura mtalitafuta jina lake kwenye karatasi na hamtaliona.