Matumizi ya zana kwa ndege

Matumizi ya zana kwa ndege ni tabia ya ndege kutumia kitu kisicho sehemu ya mwili wake ili kupata chakula au kutimiza kazi nyingine. Korongo domowazi (Anastomus lamelligerus) wa Bonde la Rufiji humtoa konokono katika kombe kwa mdomo wake. Kwa kuwa mdomo ni kiungo cha mwili, hayo si matumizi ya zana.

Mfano maarufu nchini Tanzania ni tumbusi wa Misri (Neophron percnopterus). Yai dogo hulinyanyua na kulibwaga chini. Yai la mbuni ni zito mno, na ganda lake lina unene wa milimita 2 hivi. Kwa hiyo huokota jiwe kwa mdomo, huinua kichwa na kulitupa kwa nguvu juu ya yai, akirudia mpaka livunjike. Jane Goodall na Hugo van Lawick waliieleza tabia hii katika jarida la Nature mwaka 1966. Majaribio yaliyochapishwa mwaka 1989 yalionyesha kwamba hata ndege waliolelewa na watu hutupa mawe bila kujifunza kwa wenzao.

Tumbusi hutumia jiwe kama alivyolikuta. Kunguru wa Kaledonia Mpya (Corvus moneduloides) hutengeneza zana yenyewe: hukata kijiti na kukichonga kiwe kulabu ya kuvutia wadudu.

Tumbusi wa Misri yumo hatarini kutoweka duniani. Sumu inayotiwa kwenye mizoga ili kuua simba na fisi humwua yeye pia.