Stima Haijileti: Uliza Kwanza Kinachozungusha Dainamo



Mwaka uliopita nilialikwa na kikundi kimoja upande wa Njoro. Walikuwa wameweka akiba kidogo kidogo wanunue mashine ya kutotoa vifaranga, lakini stima ilikuwa haijafika kijijini. Siku hiyo nikakuta mgeni mwingine, muuzaji, na mashine yake yenye mota, mkanda na dainamo. Alisema haitumii petroli, wala maji, wala jua. Unaianzisha kwa betri, mota inazungusha dainamo, dainamo inailisha mota, na stima inayobaki inawasha nyumba kumi. Akawasha balbu, watu wakapiga makofi. Mweka hazina alikuwa tayari ameshika bahasha.

Ndipo mzee mmoja, ambaye zamani alipeleka maziwa kwa baiskeli alfajiri, akauliza: "Kijana, mimi nikiweka dainamo ya taa kwenye gurudumu, mlima wa kwetu unazidi kuwa mkali. Hiyo yako mbona haichoki?"

Muuzaji alicheka tu. Swali la mzee lilikuwa zito kuliko alivyodhani, na leo tulijibu pamoja.

WAYA NA SUMAKU

Chukua waya wa shaba, uuzungushe mara nyingi kama uzi wa cherehani kwenye kijiti chake. Mafundi huuita koili. Unganisha ncha zake mbili na kipimo cha stima. Sasa chukua sumaku.

Ukiiweka sumaku ndani ya koili na kuiacha imetulia, hupati kitu, hata ikikaa mwaka mzima. Ukiisukuma ndani, mshale wa kipimo unaruka. Ukiisimamisha, mshale unarudi mahali pake. Ukiivuta nje, mshale unaruka tena, lakini upande mwingine. Yaani kinachozaa stima ni kule kubadilika kwa nguvu ya sumaku ndani ya koili. Sumaku iliyolala haizai.

Aliyeonyesha jambo hili mwaka 1831 ni Michael Faraday wa Uingereza. Baba yake alikuwa mhunzi, na yeye mwenyewe alianza kazi kama mwanafunzi wa kujalidi vitabu. Shule hakuipata sana, lakini alikuwa na subira ya kujaribu na kujaribu tena.

Ukitaka stima zaidi, njia ni tatu: zungusha waya mara nyingi zaidi, tumia sumaku yenye nguvu zaidi, au ongeza mwendo. Ndiyo maana taa ya baiskeli huwaka vizuri ukiteremka na kufifia ukipanda.

KWA NINI BAISKELI INAKUWA NZITO?

Hapa ndipo penye jibu la mzee. Ule mpira wa gurudumu kusugua dainamo unachangia uzito kidogo. Lakini kuna jambo kubwa zaidi. Stima ikianza kupita kwenye koili, koili yenyewe inageuka kuwa sumaku. Na hiyo sumaku mpya daima hupinga mabadiliko yaliyoizaa. Ukiingiza sumaku yako, koili inaisukuma nje. Ukiitoa, koili inaivuta irudi. Kwa hivyo lazima utumie nguvu, na nguvu hiyo ndiyo inayogeuka kuwa stima. Unalipa kwa miguu, unapata mwanga.

Hata jenereta ya petroli iko hivyo. Sikiliza siku ya harambee: ikiwa haijachomekwa kitu, injini inaimba tu. Chomeka vipaza sauti na taa zote, inaguna, na petroli inaisha upesi.

Tazama hata mitambo mikubwa ya Olkaria, pale karibu na Naivasha. Mtambo wa kwanza wa megawati 15 ulianza kazi mwaka 1981, wa pili 1982, wa tatu 1985. Huko mvuke unatoka kwenye visima virefu, maana chini kuna mawe ya moto yanayochemsha maji. Mvuke unapiga mapanga ya mtambo, mapanga yanazungusha sumaku kubwa katikati ya koili. Ukifunga mvuke, mtambo unasimama. Anayelipa pale ni joto la ardhi.

Na transfoma juu ya mlingoti je, mbona haizunguki? Ndani yake mna koili mbili kwenye chuma kimoja. Stima ya laini huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, kwa hivyo nguvu ya sumaku katika kile chuma inabadilika bila kitu kusogea, na koili ya pili inapata stima. Transfoma inapunguza volti zifae nyumbani. Haiongezi nguvu hata chembe.

Sola ni njia tofauti, haina sumaku wala koili. Lakini nayo inalipiwa, na jua.

KABLA HAMJATOA PESA

Sasa ile mashine ya muuzaji. Mota inazungusha dainamo, dainamo inailisha mota. Njiani nguvu nyingine inapotea kwa mkanda kusuguana na kwa waya kupata joto. Dainamo hairudishi hata ile nguvu iliyopewa, itawezaje kubakiza ya nyumba kumi? Balbu ile ilikuwa inakula betri tu.

Mkiletewa mashine ya stima, ulizeni haya:

1. Kinachoizungusha ni nini, na nani atalipia hicho kitu kila siku?

2. Je, inaweza kuwasha balbu usiku kucha betri ikiwa imetolewa kabisa?

3. Kuna fundi au mwalimu wa chuo cha ufundi aliyeifungua akaona ndani?

Asiyetaka kujibu, msimpe hata amana.

Wale wa Njoro waliomba mashine iachwe iwake mpaka asubuhi, bila betri. Muuzaji akasema ana haraka, atarudi wiki ijayo. Mpaka leo hajarudi. Kikundi kilinunua mashine ya kutotoa inayotumia mafuta ya taa. Mafuta yanauma mfuko, jameni, lakini wanajua wanalipia nini, na vifaranga wapo.