Mwalimu Atembelewe Darasani, Asiitwe Hotelini Tu

Naanza kwa kuungama. Mwaka mmoja nilikuwa na mtoto wa Gredi ya 2 ambaye kila nikimsimamisha asome, alisoma ukurasa mzima bila kukwama. Nilimpa alama nzuri, na mamake alipokuja shuleni nikamsifia mwanawe. Siku moja mwalimu mwenzangu, mama aliyenizidi umri, alikuja kukaa nyuma ya darasa langu kwa sababu tu paa la darasa lake lilikuwa likivuja. Somo lilipokwisha alimwita yule mtoto, akafunika picha kwa kiganja, akamwonyesha neno moja katikati ya sentensi. Mtoto kimya. Kumbe alikuwa amekariri kwa kuwasikiliza wenzake, na picha ndiyo iliyomkumbusha aanzie wapi. Herufi hakuzijua.

Wakati huo nilikuwa na vyeti vitatu vya semina nyumbani. Hakuna semina hata moja iliyoniamsha, ila mtu aliyekaa dawati la nyuma kwa nusu saa.

Ndiyo maana kila likizo walimu wa kaunti ndogo yetu hapa Kwale tukiitwa mafunzo, naenda shingo upande. Si kwamba wanaotufunza hawajui kazi. Tunakusanywa ukumbini zaidi ya mia, tunaelezwa mtaala wa umilisi, tunagawanywa vikundi, tunaandika kwenye karatasi kubwa zile za ukutani, tunakula, tunatia sahihi, tunarudi makwetu. Jumatatu nasimama mbele ya watoto sabini na madawati ishirini, na yale makundi ya watoto watano watano tuliyoyachora ukumbini hayana hata pa kukaa. Hakuna anayekuja kuniuliza yamefikia wapi.

Mwaka 2021 Tume ya Huduma za Walimu (TSC) ilizindua mpango wa kuwaendeleza walimu: moduli sita, kila moja ya miaka mitano, na mwalimu alipe shilingi 6,000 kila mwaka kutoka mfukoni mwake. Vyama vya walimu vilipinga, na kelele nyingi zilikuwa za pesa. Ni hoja ya haki. Mshahara wetu mwaujua. Lakini mimi nilipiga hesabu nyingine. Mwalimu wa miaka arobaini angefika umri wa kustaafu bila kuigusa moduli ya tano, na katika miaka yote hiyo huenda asipate hata mtu mmoja wa kumfunikia mtoto picha kwa kiganja.

Na si kwamba Kenya hatujawahi kufanya vizuri zaidi. Mpango wa Tusome, ulioanza mwaka 2015 kwa ufadhili wa Marekani, ulimpa kila mtoto wa madarasa ya chini kitabu chake na mwalimu mwongozo wake. Watu wanakumbuka vitabu. Mimi nakumbuka zaidi ziara. Wale maafisa wa kusaidia mtaala, tunaowaita CSO, walipewa vishikwambi na wakatakiwa waingie madarasani. Afisa alikaa akatazama somo, kisha akawachukua watoto wachache awasikilize wakisoma mmoja mmoja, halafu akaketi na mwalimu wazungumze aliyoyaona. Nauli yake ilitegemea ziara zilizorekodiwa na kile kishikwambi, kwa hivyo hakuweza kuandika safari akiwa amekaa ofisini. Ni jambo dogo, lakini afisa ambaye hajalipiwa bodaboda hafiki shule ya ndani Kinango, hata awe na moyo namna gani.

Ufadhili ulipokwisha, maafisa walibaki. Nauli ndiyo iliyokuwa ya taabu, na kazi za makaratasi zikaongezeka.

Lipo somo jingine tulilolipata kutoka Japani. Tangu mwaka 1998 Wajapani walisaidia mafunzo ya walimu wa hisabati na sayansi wa sekondari, mpango wa SMASSE. Kwao Japani walimu wana desturi ya kuandaa somo moja kwa pamoja. Mmoja hulifundisha, wengine hukaa darasani wakiwatazama wanafunzi, si mwalimu. Baadaye hukaa kitako, hulirekebisha somo, na mwingine hulifundisha tena katika darasa jingine. Halihitaji hoteli wala posho.

Shule yetu na jirani zetu wawili wa kanda tulilijaribu kwa Gredi ya 3, somo la kutoa. Hesabu ilikuwa 52 toa 27. Watoto wengi waliandika 35. Mwenye somo alidhani ni uzembe, na miaka yote mimi pia nilidhani hivyo, nikiweka alama ya kosa na kupita. Safari hii mmoja wetu alichuchumaa kando ya dawati akamwuliza mtoto amefanyaje. Jibu: "Mbili haiwezi kutoa saba, basi nimetoa mbili kwa saba." Hakuwa mzembe. Alikuwa na kanuni yake, aliifuata kila mara, na hakuna aliyewahi kumwuliza.

Tulilirudia somo wiki iliyofuata kwa chelewa za ufagio, kumi kumi zikifungwa kwa uzi. Ili utoe saba ukiwa na mbili, sharti ufungue fungu moja. Mtoto akishalifungua kwa mikono yake, ile kanuni yake inakosa pa kusimama. Si wote walioelewa siku ile. Lakini tulijua nani hajaelewa, na kwa nini.

Kuna kikwazo ambacho si cha pesa, nacho ni hofu. Wengi wetu tulilelewa na ukaguzi: mgeni akiingia darasani, kuna mtu ameshtakiwa. Fomu za kutathmini mwalimu zina sehemu ya kutazamwa ukifundisha, na nakiri kwamba nimewahi kujaza yangu chini ya mwembe, na mwenzangu akatia sahihi bila kuona somo lolote. Wahenga walisema mgeni njoo, mwenyeji apone, lakini mwenyeji hawezi kupona ikiwa anamwona mgeni kama askari. Kwa hivyo sisi watatu tulikubaliana kwamba yanayoonekana siku ya somo la pamoja hayaandikwi kwenye fomu ya mtu.

Ninachokiomba kwa wakubwa wa elimu wa kaunti ndogo si kikubwa. Ratiba iache alasiri moja kwa wiki bila vikao vingine. Sehemu ya fedha za ukumbi na chakula igeuzwe nauli ya CSO, na kazi yake ipimwe kwa madarasa aliyokaa. Msitugeukie serikali ya kaunti kwa hili: kwa mujibu wa Katiba, upande wake ni chekechea na vyuo vya ufundi vya vijijini; shule za msingi na walimu wake ni wa serikali kuu. Nanyi wazazi, mkisikia watoto wanatoka mapema siku hiyo, msidhani walimu wanakwepa kazi. Njooni mtazame.

Alhamisi ijayo ni zamu yangu. Nafundisha sehemu, nusu na robo, kwa chapati nitakazozipika mwenyewe alfajiri. Atakayekaa dawati la nyuma ni yule yule mama wa kiganja, na tangu jana nimebadilisha andalio la somo mara tatu.