Nafasi za jeshi: Barua ya mbunge si hitaji, vyeti ndivyo muhimu

Kila Jeshi la Ulinzi la Kenya (KDF) linapotangaza nafasi, wapo wazazi wa Nyamache wanaokimbilia kwa mbunge au mwakilishi wadi kuomba barua ya kumpendekeza mtoto. Barua hiyo haihitajiki.

Nchini Marekani mambo ni tofauti. Huko, kijana anayetaka kujiunga na chuo cha kijeshi cha West Point kwa kawaida hupendekezwa na seneta au mbunge wa eneo lake, na hushauriwa kuwasiliana na ofisi hizo mapema. Hapa Kenya, KDF yenyewe ndiyo huteua makadeti, yaani wanaosomea uafisa, kabla ya kuwapeleka Chuo cha Kijeshi, Lanet, Nakuru. Ulinzi ni jukumu la serikali ya kitaifa, na serikali ya kaunti haigawi nafasi hizo.

Hata hivyo, kiongozi anaweza kufikiwa mapema kuhusu karo. Matangazo ya miaka iliyopita yamemtaka kadeti awe na alama ya wastani ya B au zaidi katika KCSE, na msailiwa hutakiwa kufika na kitambulisho pamoja na vyeti halisi. Sheria ya KNEC ya 2012 hairuhusu shule kuzuilia cheti cha mtahiniwa. Ikiwa cheti bado kiko shuleni, kifuatwe sasa, kwani tangazo likishatoka muda huwa mfupi. Mzazi anayelemewa na karo aombe basari ya NG-CDF ya Bobasi mwanafunzi akiwa bado shuleni, asingoje deni lirundikane.

Kijana anayetimiza miaka 18 naye aombe kitambulisho mara moja, na ahakikishe majina yake yanalingana na yaliyo kwenye cheti cha kuzaliwa na cha KCSE.

Usajili wa KDF ni bure. Anayedai pesa ili "kumwona mkubwa" ni tapeli, hata akitaja jina la kiongozi. Wapo vijana waliofika kambi ya mafunzo ya Eldoret na barua bandia za wito wakaishia kukamatwa, huku wazazi wao wakiwa wamekwishauza ng'ombe au kipande cha shamba. Anayeombwa hongo apige ripoti kituo cha polisi, au apigie EACC bila malipo kwa nambari 1551.