Fuwele za Kaboni na Ngozi ya Mgonjwa

Muuguzi aliyewahi kubandua kibandiko cha kupimia mapigo ya moyo kifuani mwa mtoto njiti anaijua hofu hii: ngozi bado haijakomaa, na gundi huweza kuondoka na tabaka lake la juu. Kifaa chembamba vya kutosha kingefuata mikunjo ya ngozi bila kuhitaji gundi kali. Hiyo ni sababu mojawapo inayowafanya watafiti wa elektroniki washughulikie fuwele za kaboni.

Transista ni swichi ndogo isiyo na kitu kinachosogea: volti kidogo kwenye lango lake hufungua au kufunga njia ya umeme. Kwa kawaida njia hiyo hutengenezwa kwa silikoni, ambayo huyeyuka kwenye joto la zaidi ya nyuzi 1,400 za Selsiasi, tena huvunjika kama kioo. Nusu-vipitishi vya kikaboni ni jamii nyingine. Pentasini, kwa mfano, ni molekuli ya pete tano za kaboni zilizoungana, zenye hidrojeni pembezoni. Molekuli za jamii hii hushikana kwa mvuto dhaifu, hivyo nyingi kati yake huyeyushwa katika kimiminika na kutandazwa juu ya plastiki. Kimiminika kikikauka taratibu, hujipanga zenyewe, kama chumvi inavyoganda katika mashimo ya maji ya bahari.

Kwa nini ziwe nyembamba? Umeme wa transista hizi hausambai katika fuwele nzima. Hupita katika tabaka moja au machache tu ya molekuli, yale yanayogusana na kihami kilicho kando ya lango. Tabaka moja la pentasini lina unene wa takriban nanomita 1.5, upana wa chembe nyekundu ya damu ni zaidi ya mara 4,000 ya huo. Unene wa ziada huificha njia ya umeme mbali na kile tunachotaka kukipima. Katika fuwele nyembamba, amonia, gesi inayoongezeka katika pumzi ya mgonjwa ambaye figo zake zimeshindwa kazi, hukaribia njia hiyo na kuubadili mkondo.

Lakini mlango unaoipokea amonia huupokea pia mvuke wa jasho. Ukiufunika, kipimo hupoteza wepesi wake. Ukiuacha wazi, fuwele huharibika. Binafsi naliona hili kuwa gumu kuliko suala la kunyumbuka. Mwaka 2013 watafiti wa Tokyo na wenzao walionyesha saketi juu ya plastiki yenye unene wa mikromita 1, uzito wa gramu 3 kwa mita ya mraba, iliyofanya kazi hata baada ya kufinyangwa kama karatasi, ingawa nusu-kipitishi chake hakikuwa fuwele moja kamili.

Wodini, kwa sasa, gundi ni ile ile: lowesha kwa pamba yenye maji ya uvuguvugu, kisha bandua polepole, sambamba na ngozi.