C (herufi)

C ni herufi ya 3 ya alfabeti ya Kilatini. Katika maneno ya Kiswahili sanifu haisimami peke yake, bali hufuatwa na h kuunda ch, kama katika chai na mchele. Hubaki peke yake katika majina ya watu, kama Cosmas na Cecilia, na katika vifupisho kama CCM.

Asili

Wafinisia walikuwa na herufi gimel. Wagiriki waliipokea wakaiita gama, yenye sauti ya g. Waetruski wa Italia waliitumia kwa sauti ya k. Waroma waliitumia kwa k na g pia, hadi karne ya 3 KK walipoongeza kistari kwenye C wakapata herufi mpya, G.

Katika lugha za Morogoro

Waluguru wa Milima ya Uluguru huita lugha yao Chiluguru, na majirani zao Wakaguru husema Chikaguru. Kiambishi chi- ni sawa na ki- ya Kiswahili. Kiswahili chenyewe hugeuza ki- kuwa ch- mbele ya irabu: kisu kikubwa, lakini kisu changu.

Baadhi ya wanaisimu huacha h na kuandika ci-. Hivyo Kiluguru, Chiluguru na Ciluguru ni lugha moja. Anayetafuta habari zake maktabani atazame majina yote matatu.

Matumizi mengine

- Namba za Kiroma: 100
- Kemia: alama ya kaboni
- Halijoto: °C ni nyuzi za Selsiasi