Je, Wajua? Cherehani ya Bibi Ina Cheti cha Kuzaliwa

Cherehani kuukuu ya Singer huweza kukueleza ilikotoka. Futa vumbi usome namba iliyogongwa kwenye chuma. Ikianza na herufi Y, ilitengenezwa Clydebank, Uskoti, katika kiwanda kilichofunguliwa 1885 na kufungwa 1980. Kiwanda kimekufa, mashine bado inashona!

Kwa fundi wa barazani pale Mafiga, Morogoro, kudumu huko ni pesa iliyobaki mfukoni. Cherehani ya kukanyaga haijali umeme ukikatika. Mkanda wa ngozi ukilegea, hukatwa kipande kidogo, ukatobolewa upya na kuungwa kwa waya. Gurudumu linazunguka tena. Na kama mashine yako ni Singer namba 15, una bahati: Butterfly nyingi za Kichina ziliiga umbo hilohilo, hivyo bobini na sindano zake huingia bila taabu.

Ila kuilainisha kwa mafuta ya kula, hapana. Hugeuka gundi. Yakishaganda, tia matone ya mafuta ya taa, zungusha gurudumu taratibu bila uzi, futa weusi unaotoka, ndipo utie mafuta yenyewe ya cherehani. Shona kwanza kwenye kitambaa chakavu, maana doa la mafuta halilionei huruma gauni la mteja.